Usugu Uliotangulia Dawa: Kirusi cha Homa ya Ini C na Funzo la Rwanda

Likitajwa neno usugu, wengi humnyooshea kidole mgonjwa: aliacha vidonge katikati, alikunywa nusu dozi. Kwa homa ya ini C, lawama hiyo mara nyingi ni ya kumwonea. Wapo waliomaliza dawa bila kuruka hata siku moja, na wiki 12 baadaye kirusi kikaonekana tena kwenye damu. Usugu ulikuwamo mwilini kabla daktari hajaandika dawa.

Chanzo ni kasi ya kuzaana. Katika mwili wa mgonjwa mmoja huzalishwa virusi vipatavyo trilioni moja kwa siku, na kimeng'enya kinachonakili vinasaba vyao hakijui kusahihisha makosa. Vinasaba vyenyewe vina herufi 9,600 hivi. Ukipiga hesabu, karibu kila badiliko la herufi moja linalowezekana hutokea kila siku. Mengi hukiangamiza kirusi chenyewe. Machache hubadili umbo la protini pale pale dawa inaponasa, na dawa ikishaingia, virusi hivyo vichache ndivyo vinavyosalia na kuongezeka.

Dawa nazo hazifanani. Sofosbuvir hukishambulia kimeng'enya hicho, na badiliko la kuikwepa, S282T, hukidhoofisha kirusi hata kikaonekana kwa nadra sana. Ledipasvir, inayolenga protini ya NS5A, haina ngome kama hiyo: badiliko moja au mawili yanatosha kuipunguza makali, na kirusi huweza kuishi na mabadiliko hayo kwa miaka bila kudhoofika.

Rwanda ndiko jambo hili lilikoonekana waziwazi. Huko kimetawala kirusi cha kundi la 4, ila si aina ndogo ya 4a ya Misri, ile iliyoenezwa na sindano za kutibu kichocho. Cha Rwanda ni 4k, 4r, 4q na 4v. Katika utafiti ulioitwa SHARED, wagonjwa 300 walipewa ledipasvir pamoja na sofosbuvir kwa wiki 12. Waliopona walikuwa asilimia 87, matokeo ambayo yangeweza kupigiwa makofi na faili likafungwa. Watafiti walipotenganisha aina ndogo, wenye 4r waliopona walikuwa asilimia 56 tu.

Aina ya 4r kwa kawaida hubeba mabadiliko ya NS5A tangu mwanzo. Dawa yenyewe ilikuwa imejaribiwa zaidi Ulaya na Marekani, ambako 4r ni nadra. Wagonjwa wa Kigali hawakuwamo katika hesabu hizo. Madaktari wa London na Paris nao walikuja kuliona tatizo hilo hilo kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika.

Tiba ya pili ipo. Katika utafiti mwingine, SHARED-3, wagonjwa 40 ambao dawa za awali ziliwashinda walipewa sofosbuvir, velpatasvir na voxilaprevir, na 39 walipona. Tatizo ni kwamba mchanganyiko huo haupatikani kwa urahisi wala kwa bei ya dawa za kawaida.

Kutibu bila kupima aina ya kirusi kumeokoa fedha na muda, na hakuna sababu ya kuacha utaratibu huo. Lakini nchi za ukanda huu zimpime kila mgonjwa wiki 12 baada ya dozi, zisome vinasaba vya virusi vya wale ambao hawakupona, na ziweke akiba ya dawa ya pili kwa ajili yao.