Kupinda njia mpaka Mpala
(Maneno ya kamati ya safari mbele ya mukutano mukubwa wa wanamemba, Lubumbashi)



Mulitutuma kazi moja tu. Mulisema: pangeni mwendo wa miguu wa mwezi wa Agosti, kutoka Pepa kule juu ya Marungu, mpaka Kirungu, kisha kushuka Moba-Port pale ziwani. Njia hiyo wengi wetu tunaijua kwa miguu yetu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2000, vita ilipofika Pepa na Pweto ikaanguka mwezi wa Desemba, tuliipita na watoto mugongoni, uso ukielekea Zambia. Sasa tunataka kuipita uso ukielekea kwetu. Kazi hiyo tumeimaliza: siku tano, malazi matano, na kila kituo kina mutu aliyekubali kutupokea.

Lakini tulipokuwa tunaandika majina, mama mumoja wa Katuba akatuuliza: «Sasa munafika Kirungu, munarudia paka pale? Mpala munaiacha? Miye mama yangu alibatizwaka Mpala. Sitaki kufa bila kuona kwenye alisimamaka.» Kisha mwingine akasema vilevile, na mwingine tena. Wiki tatu tumebishana juu ya neno hilo. Leo tunakuja kuwaambia mahali tulipofika, na ninyi mutakata.

Kwanza, Mpala ni nini? Wadogo wetu waliozaliwa Kala, Mwange ao Meheba hawaijui, na si kosa lao.

Mpala iko kandokando ya ziwa Tanganyika, kaskazini ya Moba, pale muto Lufuko unaingia ziwani. Mwaka 1883 Mubelgiji Émile Storms alijenga boma pale. Mwaka 1885 boma likawekwa mikononi mwa Mapadri Weupe, nayo Karema, upande wa pili wa ziwa, vilevile. Mwaka 1887 akafika kapiteni Léopold Joubert, Mufaransa aliyekuwa askari wa Papa, kwa kulinda watu wasikamatwe na wafanya-biashara ya watumwa. Huyu hakurudi kwao. Alioa mwanamuke wa kwetu, akazaa, akazeeka, akafa mwaka 1927 na kuzikwa katika inchi yetu. Watu waliokuja kukaa karibu na misioni ile walikuwa nani? Wengi walikuwa wakimbizi: watumwa waliokombolewa, wajane, watoto waliopotelewa na wazazi. Kwa hiyo tunapoenda Mpala hatuendi kuangalia matofali. Tunaenda kwenye kambi ya wakimbizi iliyotangulia kambi zetu zote.

Na pale kwenye shule ya mapadri ya Mpala ndipo alisomea Stefano Kaoze, mutoto wa inchi hiyo. Tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, aliwekwa padri, wa kwanza katika Kongo yetu yote. Jina hilo tunaliimba kwenye sikukuu, lakini tukiuliza vijana alitoka wapi, wanasema Kinshasa!

Tuseme pia upande mwingine, juu mutu anayesimulia nusu ya habari anadanganya. Storms huyohuyo, mbele ya kuondoka, alituma askari juu ya chifu Lusinga, mukubwa wa Watabwa. Ilikuwa Desemba 1884. Lusinga hakuwa malaika, naye alikamata watu na kuwauza. Lakini aliuawa, akakatwa kichwa, na kichwa kikapelekwa Ubelgiji, kikawekwa Brussels kati ya mifupa ya makumbusho. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyosimama katika kiwanja kimoja cha muji ule iliondolewa. Sanamu imeshuka, lakini kichwa cha Lusinga hakijapata kaburi kwao. Muzee mumoja katika kamati yetu, aliyekaa miaka minane Mwange, alisikia habari hiyo akanyamaza sana, kisha akasema: «Basi huyu ni mwenzetu. Yeye ndiye hajarudi.» Kwa neno hilo tulikubaliana wote, Wakatoliki na wasio Wakatoliki: kama tunafika Mpala, tutamutaja Lusinga katika sala pamoja na wafu wetu tuliowaacha katika makaburi ya kambi.

Hayo ni mambo ya roho. Kuna na jambo la karatasi, na hapa tunaomba wafadhili wasikilize muzuri.

Munajua shida ya watu wetu mbele ya ofisi. Sheria yetu inaomba mutoto aandikishwe ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, inabidi hukumu ya tribunali, na tribunali inataka mashahidi na ushuhuda wa ukoo. Mutoto aliyezaliwa kambini, baba yake akafia kule, nani atamushuhudia? Mara nyingi alama ya kwanza ya ukoo iliyoandikwa kwa wino ni kitabu cha ubatizo cha babu ao nyanya: jina, wazazi, kijiji, tarehe. Karatasi ya paroasi si karatasi ya serikali, tunajua. Lakini inamupa mutu pa kuanzia. Jamaa tisa katika ushirika wetu zinasema wazee wao walibatiziwa Mpala. Tumeandikia paroasi na ofisi ya dioseze ya Kalemie-Kirungu kuomba ruhusa ya kutafuta majina hayo tisa. Hatuahidi kitu. Vitabu vimepita vita nyingi kuliko sisi. Lakini mwenye kutafuta ndiye anayeokota.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe.

Kutoka Kirungu mpaka Mpala kwa miguu tumehesabu siku mbili kwenda, siku moja ya kukaa, siku mbili kurudi. Jumla tano, juu ya tano za kwanza. Watu 31 wamejiandikisha kwa mwendo, na 11 kati yao wamepita miaka 60. Tukisema wote wapinde njia, tutabeba wagonjwa. Tukisema hakuna anayepinda, tutakuwa tumewaambia wale bamama kwamba miguu yao ndiyo imefunga mulango.

Kuna wanaosema: si kuna ziwa? Pandeni mutumbwi wa injini, munafika siku ileile. Bandugu, Agosti ni wakati wa upepo wa kusini. Na sisi si wageni wa ziwa hili. Wengi tulirudi kwa njia ya maji, kutoka Mpulungu mpaka Moba, kati ya mwaka 2007 na 2010, tunakumbuka namna tulivyoshikana mikono. Tunakumbuka pia Desemba 2014, meli Mutambala ilipozama na kuua zaidi ya watu 100. Maji haina ndugu.

Kwa hiyo kamati inaweka mbele yenu mupango huu.

Moja: mwendo mukubwa unaishia Kirungu na Moba-Port kama mulivyoamua. Huo haubadiliki.

Mbili: kikundi cha watu 12, wenye nguvu, watapinda njia mpaka Mpala kwa miguu pamoja na muongozi wa kule, na muuguzi mumoja kati yao. Wengine watawangojea Kirungu, wakikaa kwa jamaa, wala hakuna atakayelala njiani bila kazi: kuna makaburi ya kusafisha na wagonjwa wa kutembelea.

Tatu: wazee wasiopita sita, wale wenye watu wao Mpala, wanaweza kwenda kwa mutumbwi kama mambo matatu yanatimia pamoja. Kila mutu awe na jile yake ya kuelea. Mutumbwi usipakie mizigo ya biashara. Na muvuvi aangalie ziwa asubuhi, aseme ndiyo. Akisema hapana, ni hapana. Hata mwenyekiti hana ruhusa ya kumubembeleza, hata tukiwa tumelipa tayari.

Nne: kama ziwa linakataa, wale wa miguu watabeba majina. Kila muzee ataandika karatasi yake: jina la mama, la baba, kijiji, na maneno anayotaka yasemwe pale. Tutayasoma kwa sauti mbele ya kanisa, moja kwa moja, bila haraka.

Tulimupelekea mama wa Katuba mupango huu mbele ya kuja hapa. Tuliogopa atakasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Niko na miaka 74. Mutumbwi ukikatala, nitaandika. Lakini musome jina ya mama yangu vizuri, musilikate kati.» Tumeahidi.

Sasa makuta, juu najua, hapo ndipo macho yote yanafunguka.

Kesi ya kilio haiguswi. Hata franka moja. Pesa ile ni ya jeneza na bukari ya kilio, mutu anaweza kufa kesho, na safari haiwezi kula pesa ya maiti. Kila mwenye kutembea anajilipia chakula na lori ya kwenda mpaka Pepa. Wasioweza, wenzao wa likelemba wamekubali kuwatangulizia, na deni litaandikwa. Pesa za wafadhili za mwaka huu zilitolewa kwa dawa na kwa kuandikisha watoto. Tunazitumia kwa mambo hayo tu. Kuna ndugu aliyesema: «Lakini kutafuta vitabu vya Mpala si kuandikisha watoto?» Neno hilo lina akili, lakini tumelikataa. Tukianza kulipa safari kwa jina la watoto, mwaka ujao tutalipa nini kwa jina la watoto?

Kwa hiyo ombi letu kwa wafadhili ni dogo na liko wazi: jile saba za kuelea, sita za wazee na moja ya muuguzi atakayepanda nao, juu muvuvi ana yake. Zikirudi, zitakaa Moba kwa matumizi ya wanamemba wetu wanaovuka ziwa. Zisipopatikana, hakuna mutumbwi, na hatutalaumu mutu.

Kuna swali la mwisho, lililoulizwa na ndugu yetu mumoja wa Kipentekoste: «Miye si Mukatoliki. Ninaenda Mpala kufanya nini?» Jibu letu: hakuna anayelazimishwa kupiga magoti. Lakini kambini, siku maji ilipokosa, hatukuulizana dini mbele ya kugawanya bido. Alicheka, akajiandikisha. Yeye ndiye atabeba sanduku la dawa.

Bandugu, tuliporudi, watu walituuliza: munarudi na nini? Tulirudi na masufuria na mashuka. Hatukuwa na karatasi, hatukuwa na picha, wengi hawakuwa na nyumba. Kwenda Mpala hakutatupa nyumba. Lakini kutawapa watoto wetu mahali pa kunyoosha kidole na kusema: hapa ndipo jina letu liliandikwa, hapa pia mutu mwingine alikimbilia, akapona.

Sasa tunaomba mutupe neno lenu. Wanaokubali mupango huu wainue mukono. Wanaokataa wasimame waseme sababu, tutasikiliza. Na wale wenye jina la kupeleka Mpala, karatasi na kalamu ziko kwa katibu, pale karibu na mulango. Musiondoke bila kuandika.