Kikohozi cha Asiyevuta Sigara: Hotuba kwa Wahamasishaji wa Afya, Port Reitz



Nyinyi wahamasishaji wa afya mnaohitimu leo mnaingia nyumba ambazo daktari hafiki, kwa hivyo nitawaambia habari za saratani ya mapafu kwa watu wasiopata kuvuta sigara maishani. Moshi wa kuni mnaujua. Moshi wa matrela yaendayo bandarini mnauvuta kila siku, na tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linautaja moshi wa dizeli kuwa huleta saratani. Lakini wako wanaouliza: na virusi je?

Somo kwamba virusi huweza kumletea binadamu saratani, dunia ililipata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto. Vipande vyake vikapelekwa London, na 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi walivyoviona ndani yake. Virusi hivyo hivyo vimekutwa katika aina adimu ya saratani ya mapafu, hasa kusini mwa China, tena kwa wengi wasiovuta. HPV nayo ilikutwa Taiwan katika uvimbe wa mapafu ya wanawake wasiovuta. Kwingineko haikuonekana sana, basi msimtie mtu hofu kwayo. Chanjo yake, iliyozinduliwa hapa Mombasa Oktoba 2019, wahimizeni wasichana waipate kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi.

Kinachotuhusu zaidi ni VVU. Anayeishi navyo yumo hatarini zaidi kupata saratani ya mapafu, hata sigara ikiwekwa kando: kinga imedhoofika, na nimonia na TB za mara kwa mara zimemwachia makovu kifuani.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Mtu akikohoa na kukonda, sote twasema TB. Makohozi hayaonyeshi kitu, anapewa dawa vivyo hivyo, hapati nafuu, anaambiwa avumilie. Akifika hospitali ya Makadara, saratani imeshatambaa.

Kikohozi kikipita wiki mbili, apimwe TB kwanza. Dawa zisipomsaidia, au akitema damu, usiulize sigara ukaridhika na jibu. Mwandikie rufaa apigwe picha ya kifua, umfuatilie mpaka majibu yatoke. Anayetumia ARV asizikatize.

Nanyi maafisa wa kaunti mlioketi hapa mbele, nawasihi: mgonjwa atakayeletwa na hawa asirudishwe nyumbani kwa kukosa pesa ya eksirei.