Bastola na Mkono Uishikao

 Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulijadili bila kulipima. Jambo lenyewe ni hili: kati ya bastola ya tundu kubwa na bastola ya tundu dogo, ipi iliyo bora? Mtu akiulizwa hujibu upesi, "Kubwa, bila shaka." Walakini majeshi na polisi wa mataifa makubwa wamelitafuta jibu la swali hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Wamebadili silaha zao mara nyingi, na wengine, baada ya safari ndefu, wamerudi mahali walipoanzia.

Yatupasa kusema tangu mwanzo ya kuwa hatukusudii kumtamanisha mtu silaha. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki hapana ruhusa ya kumiliki bastola ila kwa kibali cha Serikali, na ni vyema iwe hivyo. Lakini askari anayelinda benki au soko huichukua bastola kwa ajili yetu sote. Risasi yake ikikosa shabaha haipotei hewani. Yaweza kumfikia mama aliyekuja kununua unga. Kwa hiyo swali la bastola ipi yafaa si la askari peke yake. Ni letu pia.

Kwanza tueleze vipimo. Bastola hutajwa kwa upana wa tundu la mtutu wake, yaani mahali risasi ipitapo. Waingereza na Wamarekani walizoea kupima kwa inchi. Wakisema .45, maana yake ni sehemu 45 katika 100 za inchi. Watu wa Ulaya hupima kwa milimita, na risasi yao ijulikanayo zaidi ni ya milimita 9, ambayo ni kama sehemu 35 katika 100 za inchi. Lakini majina haya si ya kutegemewa kabisa. Risasi iitwayo .38, kwa mfano, ukiipima utaona haifiki hata sehemu 37. Jina lilibaki kutoka zamani, ijapokuwa risasi yenyewe ilibadilika.

Sasa tuitazame sababu ya bastola kurudi nyuma inapopigwa. Mtu akisimama katika mtumbwi mdogo karibu na pwani, kisha akaruka kwenda nchi kavu, mtumbwi husukumwa nyuma kuelekea majini. Hii ni kanuni aliyoieleza Isaac Newton wa Uingereza katika mwaka wa 1687: kila msukumo una msukumo wa pili ulio sawa nao, nao huelekea upande wa pili. Risasi ni kama mtu yule arukaye, na bastola ni mtumbwi. Baruti huisukuma risasi mbele, na kwa nguvu ile ile huisukuma bastola nyuma, mkononi mwa mpigaji.

Basi mambo matatu hupima ukali wa msukumo huo: uzito wa risasi, mwendo wake, na uzito wa bastola yenyewe. Risasi nzito huleta msukumo mkubwa. Risasi ya mbio huleta msukumo mkubwa. Na bastola nyepesi huupokea vibaya, kama vile mtumbwi mdogo urudivyo nyuma upesi kuliko jahazi. Kwa hiyo mtu anunuaye bastola ndogo na nyepesi, akidhani ya kuwa haitamsumbua, hushangaa sana aipigapo, maana risasi ile ile katika bastola nzito ingalikuwa ya upole zaidi.

Na tuchukue risasi mbili zijulikanazo, tuzilinganishe. Risasi ya .45 ya jeshi la Marekani ina uzito wa nusu wakia na kidogo zaidi, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa futi 830 hivi kwa sekunde. Risasi ya milimita 9 ina uzito wa robo wakia na kidogo zaidi, lakini hukimbia futi 1,150 hivi kwa sekunde. Ya kwanza ni nzito na ya polepole. Ya pili ni nyepesi na ya mbio. Wenye elimu wakipiga hesabu ya nguvu ichukuliwayo na kila moja huona ya kuwa zakaribiana sana. Lakini wakipiga hesabu ya msukumo wa mkononi, huona .45 yaizidi milimita 9 kwa theluthi moja hivi. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Risasi mbili zaweza kuwa na nguvu zilizo karibu sawa, na hata hivyo moja ikauchokesha mkono kuliko mwenzake.

Wazee wetu waliotumika katika King's African Rifles wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 waliijua bunduki ya .303. Bunduki ile ni yenye nguvu kuliko bastola yo yote tuliyoitaja, lakini ni nzito, tena huegemezwa begani, na mwili mzima huupokea msukumo. Bastola haina bega la kuegemea. Hushikwa kwa mikono tu, na mtutu wake u juu ya kiganja, kwa hiyo kila ipigwapo husukumwa nyuma na kuinuka juu pia. Mpigaji hana budi kuishusha tena na kuitafuta shabaha upya. Ikiinuka sana, muda hupotea. Na penye hatari muda ni mali kuliko fedha.

Tena kuna adui mwingine aliyefichika, naye ni hofu. Mtu akiumizwa na bastola mara kadhaa, mkono wake huanza kuogopa kabla ya mlio. Anapokaribia kuvuta kifyatuo hufumba macho na kuukaza mkono, na mtutu huinama. Risasi huingia ardhini, naye husema bastola ni mbovu. Walimu wa shabaha wana hila nzuri ya kuidhihirisha hofu hii: huchanganya risasi za bandia zisizo na baruti pamoja na zile za kweli, bila mwanafunzi kujua. Akifika kwenye ya bandia, bastola hailii, lakini watu wote huona mkono wake ukitetemeka na mtutu ukianguka. Dawa ya ugonjwa huu ni kuanza na risasi ndogo ya .22, ambayo uzito wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya wakia. Risasi hii haipaswi kudharauliwa: ndiyo itumiwayo na mabingwa wa dunia katika mashindano ya Olimpiki ya bastola ya mita 25.

Sasa tusimulie habari za mataifa. Katika mwaka wa 1892 jeshi la Marekani liliacha bastola zake kubwa za .45, likachukua za .38. Baada ya vita vyao na Hispania vya 1898, Wamarekani waliingia katika visiwa vya Ufilipino. Huko kusini walipigana na Wamoro, Waislamu waliokuwa wakiitetea nchi yao kwa ushujaa mwingi. Askari wa Marekani walilalamika ya kuwa mtu aweza kupigwa kwa risasi kadhaa za .38 naye bado akaja na upanga wake. Ikawa bastola kuukuu za .45 zatolewa ghalani na kupelekwa tena vitani.

Katika mwaka wa 1904 maofisa wawili, John Thompson na daktari Louis LaGarde, waliamriwa kulichunguza jambo hili. Walizijaribu risasi za namna mbalimbali kwa maiti za watu, na kwa ng'ombe katika machinjio ya Chicago. Wakaamua ya kuwa risasi ya bastola ya jeshi isipungue .45. Uamuzi huo ndio uliozaa bastola maarufu iliyobuniwa na John Browning, ikakubaliwa na jeshi katika mwaka wa 1911, ikadumu hata 1985. Wanyama waliojaribiwa walikuwa wachache, na wataalamu wa baadaye wameukosoa uchunguzi ule kwa sababu hiyo. Lakini maofisa wale walisema neno jingine ambalo watu wengi wamelisahau: ya kwamba askari wa bastola afundishwe shabaha bila kuchoka, kwa kuwa sehemu za mwili ziwezazo kumsimamisha mtu mara moja ni ndogo. Watu walilishika neno la ukubwa, wakaliacha neno la mafundisho.

Waingereza walikwenda njia nyingine. Katika vita vya 1914 hadi 1918 maofisa wao walichukua bastola ya Webley ya .455, yenye uzito wa zaidi ya ratli mbili. Ilikuwa imara sana, lakini askari mgeni hakuimudu upesi. Vita vilipokwisha, wakuu walifikiri: vita vikija tena tutapokea vijana wengi kwa haraka, na muda wa kuwafundisha utakuwa mfupi. Basi katika miaka ya 1930 wakachagua bastola ya Enfield ya .38, iliyo nyepesi, yenye risasi iliyokaribia nusu wakia na mwendo wa polepole. Hawakusema ya kuwa .38 ina nguvu kuliko .455. Walisema kijana aliyefundishwa kwa muda mfupi ataweza kuipiga vyema. Waliipima silaha kwa mtu atakayeishika.

Habari ya mwisho ni ya polisi wa upelelezi wa Marekani, waitwao FBI. Tarehe 11 Aprili 1986, karibu na Miami, maofisa wao wanane walipambana na wanyang'anyi wawili. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa kabla ya wanyang'anyi kufa. Risasi moja ya milimita 9 ilimpiga mnyang'anyi mmoja mkononi, ikaingia kifuani, lakini ikakoma kabla ya kuufikia moyo, naye akaendelea kupigana. Basi watu wakailaumu risasi.

FBI wakaweka kipimo kipya. Risasi ijaribiwe katika jelatini iliyogandishwa, iliyo mfano wa nyama ya mwili, nayo ipenye inchi 12 hadi 18. Isipungue hapo, ili ifike mahali pa kufika. Wala isizidi, ili isitoke na kumdhuru mtu aliye nyuma. Wakachagua risasi ya milimita 10, yenye nguvu nyingi. Lakini ilikuwa kali mno kwa mikono ya wengi, ikapunguzwa baruti. Kisha mafundi wakaona ya kuwa baruti ikipungua, ganda refu halina kazi. Wakalifupisha, na katika mwaka wa 1990 ikazaliwa risasi ya .40. Polisi wengi wa Marekani waliipokea, na FBI wenyewe waliichukua katika mwaka wa 1997.

Je, mambo yaliishia hapo? La. Mwaka hata mwaka walimu wao waliona ya kuwa maofisa wengi hupiga upesi zaidi na kwa shabaha bora zaidi kwa milimita 9 kuliko kwa .40. Wakati huo watengenezaji walikuwa wameziboresha risasi za milimita 9, hata zikafaulu mtihani ule ule wa jelatini. Tena, kwa kuwa ni nyembamba, bastola huzichukua nyingi zaidi. Katika mwaka wa 2014 FBI walieleza sababu hizi, kisha wakairudia milimita 9. Jeshi la Marekani pia, lilipochagua bastola mpya katika mwaka wa 2017, lilibaki na milimita 9.

Hapa twapenda kuondoa dhana moja. Sinema huonyesha mtu aliyepigwa risasi ya bastola akirushwa nyuma hata ukutani. Mkumbukeni mtumbwi wetu. Risasi haiwezi kumsukuma apigwaye kuliko bastola ilivyomsukuma apigaye. Kama ingemrusha mmoja, ingemrusha na mwingine. Kazi ya risasi hutegemea mahali ilipoingia na kina ilichofika. Na mahali ilipoingia hutegemea mkono ulioipiga.

Basi tukikusanya maneno yetu, twaona hivi. Tundu kubwa lina faida yake: huacha jeraha pana zaidi. Lakini faida hiyo hulipiwa kwa msukumo mkubwa, kwa risasi chache, na kwa mafundisho ya muda mrefu. Tundu dogo hupunguza gharama hizo, ila risasi yake yataka kutengenezwa kwa ustadi ili ipenye vya kutosha. Mpini nao usisahauliwe. Mpini mnene katika mkono mdogo huharibu shabaha hata ya risasi pole. Mtaka yote hukosa yote. Afadhali risasi ya wastani iingiayo mahali pake kuliko risasi kubwa ipitayo kando.

Na ninyi wanafunzi, fundisho hili halikomi kwenye silaha. Jembe zito kupita nguvu za mkulima halimwongezei shamba, na shoka lisilomfaa mkataji humpa malengelenge badala ya kuni. Kabla ya kuuliza chombo kina nguvu gani, yafaa kuuliza ni nani atakayekishika, na amefundishwa kwa kadiri gani. Mataifa makubwa yalitumia zaidi ya miaka mia moja kulijifunza jambo hilo. Sisi twaweza kulishika leo bila gharama.