Usingizi wa Watoto Wenye Usonji



Katika nyumba za chumba kimoja za Bondeni na Kivumbini, mtoto mmoja asipolala hakuna alalaye. Wenye watoto wa usonji wayajua haya. Mtoto hucheka au hulia hadi alfajiri, majirani hugonga ukuta, na mama hulaumiwa kwamba hakumfunza adabu. Wengine husema ni mashetani. Sivyo. Usonji ni hali ya ubongo aliyozaliwa nayo mtoto, na madaktari wameona kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao hupata taabu ya usingizi.

Kwanza, tuitambue taabu yenyewe. Mzazi aandike daftarini kwa majuma mawili: mtoto alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, alikula nini jioni. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Wengi hawawezi kusema wanapoumia. Yafaa basi daftari lipelekwe hospitali, daktari aangalie kama kuna tumbo lililofunga, jino bovu, minyoo iwashayo usiku, kukoroma kuzuiako pumzi, au kifafa.

Pili, tuutengeneze usiku. Chai ya majani ikome alasiri. Televisheni na simu zizimwe saa nzima kabla ya kulala. Kuoga, kuvaa, kulala: yafuatane vile vile kila siku, saa ile ile, na picha zilizochorwa zimwonyeshe lifuatalo. Blanketi likimkera, libadilishwe. Kijana akichelewa kupata usingizi asiitwe mvivu, maana saa ya mwili huchelewa katika ujana. Dawa iitwayo melatonini huwafaa baadhi yao, lakini ni baada ya kuyajaribu haya, na kwa amri ya daktari tu. Dawa ya mafua isitumiwe kumlaza mtoto.

Wazee wetu, neno lenu lasikiwa. Msikubali mtoto afungwe kamba wala mama atengwe. Mwambieni shangazi, nyanya au jirani amshike mtoto usiku mmoja katika juma, mama naye alale. Aliyelala huwa na subira, na subira ndiyo dawa ya kwanza nyumbani.