Kalamu kwa Wasichana wa Mangapwani



Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akatembeza vyungu, kisha akahamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika santuri mjini Bombay. Lakini hakupata shule, na wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, mwanamume wa Tanga. Kazi njema hiyo, ila kalamu haikuwa ya Siti.

Mangapwani nako, mgeni anayeshuka katika chumba cha watumwa husimuliwa na mtembeza watalii. Bibi wa kijijini ni nadra kuulizwa. Mjukuu wake wa kike ndiye wa kumwandika. Makambi ya mitihani yamezoeleka. Kambi ya utunzi wakati wa likizo yataka madaftari, chakula, na mwalimu wa kike apendaye vitabu. Wino mwekundu ubaki shuleni. Wasichana wasomewe Mungu Hakopeshwi, riwaya ya Zainab Alwi Baharoon, waone kuwa mwanamke huandika na akachapishwa.

Hata hivyo, pana jambo zito. Msichana wa miaka 15 akiandika kweli ataandika ya nyumbani: posa asiyoitaka, masomo yaliyokatizwa. Daftari likizagaa, atakayeadhibiwa ni yeye. Kwa hiyo wazazi waelezwe mapema kambi ni ya nini. Na mwalimu alifungie daftari kabatini, asilisome hadharani bila idhini ya mwenyewe. Lakini likifichua dhuluma aliyotendewa mtoto, kabati halitoshi: ofisi ya ustawi wa jamii ipewe habari siku hiyo hiyo.