Fyuzi Ikikatika Tusifunge Waya

Leo tuzungumze juu ya rilei na fyuzi za gari.

Rilei ni swichi inayovutwa na umeme. Umeme mdogo wa ufunguo unaivuta, nayo inapitisha umeme mwingi wa betri kwenda kwenye pampu ya petroli. Fyuzi ni mlinzi wa waya huo. Umeme ukizidi, fyuzi inayeyuka, waya unapona.

Lakini sisi tunafanyaje? Fyuzi ikikatika, tunafunga kipande cha waya. Gari linakwenda, kweli. Ila siku umeme ukizidi tena, mlinzi hayupo. Nyaya zitaungua, na gari pia.

Basi, mahali pa fyuzi ya ampea 10 tutie ya 10, si ya 30. Ikikatika tena, tutafute waya uliochubuka unaogusa bodi. Fyuzi ni bei ndogo. Gari la kijiji ni jasho letu sote.