Maji ya Moto Yakikataa Katika Kliniki Tamba

(Mazungumzo na wauguzi na madereva wa kliniki tamba)

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kupiga picha na kuandika habari za kaunti, ila nimesafiri na gari hili hadi nikajifunza jambo moja.

Asubuhi moja tulikuta akina mama wamepanga foleni na watoto wachanga. Mfereji wa maji ya moto ukatoa maji vuguvugu. Muuguzi akalazimika kuazima jiko na sufuria kwa jirani. Sote tukasema hita imekufa, na barua ya kuomba mpya ikaandikwa. Siku mbili baadaye fundi akaja. Hakugusa hita. Alienda nyuma ya gari, kwenye bomba la mkono tunaloshea viatu, akafunga koki zake mbili. Maji yakawa moto.

Bomba lile lina koki ya baridi na koki ya moto, na kidude cha kufungia maji pale mwishoni. Ukifunga kidude tu, ukaacha koki zote wazi, maji baridi hupenya hapo hadi kwenye paipu ya moto, na kila mfereji garini hutoa vuguvugu. Aliyeosha viatu jana yake ni mimi. Nilificha kwa siku kadhaa.

Kwa hivyo, kabla ya kulaumu hita, linganisheni mifereji. Yote ikikosa maji, angalieni tangi, pampu, fuzi na betri. Ule wa baridi ukitoa kwa nguvu na wa moto ukikauka, shida iko upande wa hita: valvu imefungwa au takataka zimeziba. Ukikohoa, ni hewa. Uacheni wazi utulie. Yakiwa vuguvugu, anzeni na zile koki za nje, kisha valvu inayoruhusu maji kuipita hita kando.

Hita ya umeme isiwashwe tangi lake likiwa tupu. Kipasha joto chake kitaungua. Valvu ya usalama isiguswe maji yakiwa moto. Mkinusa gesi, fungeni mtungi, shukeni wote, mwiteni fundi.

Madereva, fomu ya ukaguzi sasa ina mstari wa koki hizo. Tieni sahihi baada ya kuzigusa kwa mkono, si kabla. Maswali tuyapeleke nje; gari liko wazi.